Kikundi: Ukoo wa Bibi 🌿

06:04 Da Rehema: Amkeni. Baba Mdogo katolewa ile mirija ya kifuani ya upasuaji wa moyo, dripu imebaki moja. Daktari kasema hali ikiendelea hivi Alhamisi anaruhusiwa. Nataka majibu LEO. (1) Nani anashinda naye kesho. (2) Mto. (3) Akitoka anafikia kwa nani.

06:05 Da Rehema: Kwake ni mbali na kliniki, na mgongo wa Mama Mdogo mnaujua. Nimemwandika Juma.

06:41 Da Rehema: Naona tiki za bluu tu.

07:15 Mwanaidi: Mto wa nini tena? Wodini hakuna mito?

07:18 Da Rehema: Ipo, laini mno. Anataka mdogo, mgumu kidogo, wa kukumbatia. Mfupa wa kifua umekatwa katikati ukafungwa kwa nyaya. Akikohoa bila kuubana mto pale, maumivu yake usiombe. Na kukohoa lazima akohoe, makohozi yasikae kifuani. Sista ndiye kaagiza.

07:20 Kassim: Mama Mdogo umeletewa mwenza, analala kifuani kabisa 😂

07:20 Mwanaidi: 😂😂😂

07:22 Kassim: hanuni wala haombi hela

07:23 Da Rehema: Kassim, kesho unashinda naye wewe?

07:50 Mama Mdogo: 😅

09:32 Juma: Umeniandika wapi?

09:33 Da Rehema: Namba 3. Wewe uko karibu.

09:40 Juma: Ile ya Bibi nayo mliniandika hivihivi. "Wiki mbili tu Juma." Muulizeni mke wangu zile wiki mbili zilikuwa na siku ngapi.

09:41 Da Rehema: Juma usifukue. Kwangu ni ghorofa ya pili. Mtu ana mshono kutoka chini ya koo mpaka juu ya tumbo, mguuni wametoa mshipa wa kupandikiza kwenye moyo, mguu umevimba, atapandaje?

09:44 Mwanaidi: Wakati wa Bibi ulisema una mtoto mchanga.

09:44 Da Rehema: Kwani sikuwa naye?

09:46 Juma: Na godoro je, lilirudi?

09:47 Da Rehema: Godoro nililichukua kwa ruhusa. Na mnajua ruhusa ya nani.

09:48 Kassim: godoro limefufuka 🙆🏾‍♂️

10:02 Da Rehema: Tuongee ya maana. Atakayempokea ajue: hanyanyui kitu kizito wala haendeshi gari mpaka kliniki imruhusu, mfupa unaunga wiki 6 mpaka 12. Akiamka hajisukumi kwa mikono, anageukia ubavu kwanza. Mshono ukiwa mwekundu, ukitoa usaha, homa ikipanda, au mfupa ukilia tak-tak akigeuka, ni kurudi hospitali saa hiyohiyo.

10:05 Kassim: mimi kifua hunilia kila mwisho wa mwezi

12:10 Shangazi Mkubwa: Mdogo wangu kapasuliwa kifua, ninyi mnagombea godoro la marehemu. Mimi bado nipo. Mwenyewe ameulizwa?

13:35 Juma: Samahani Shangazi.

13:36 Mwanaidi: Tuwie radhi Shangazi 🙏🏾

14:02 Baba Mdogo: Nimo humu ndani. Simu nimerudishiwa tangu juzi.

14:03 Da Rehema: Baba Mdogo!! Shikamoo. Hatukujua

14:16 Baba Mdogo: Marahaba. Ngazi nimeshapanda, jana, na sista mrefu. Anasema bila kupanda ngazi mtu haruhusiwi. Yeye ndiye mwenye kile kidude cha vimpira vitatu. Nilikuwa napuliza kwa nguvu zangu zote, kumbe mtu anavuta pumzi ndani, vimpira vipande, mapafu yafunguke. Ananihesabia kama mwalimu wa kwata. Wa usiku ndiye mpole. Usiku wa tatu mapigo yalipoteza mpangilio, mimi sijahisi kitu, yeye kaona kwenye skrini kaja mbio. Walinipa dawa yakatulia. Akaniambia huwapata wengi siku za mwanzo, akavuta kiti akajaza mafaili yake hapo ubavuni mwangu mpaka nikalala. Mwanawe anafanya mtihani mwaka huu, namsubiri aniambie matokeo. Na kule ICU, dawa zilivyonichanganya, nilimwita sista mmoja mwizi wa viatu. Nimemwomba radhi. Anasema kuna mgonjwa alimwita mkwe akamdai mahari.

14:18 Kassim: 😂😂 Baba Mdogo viatu vyako nani aibe

14:19 Mwanaidi: Huyo wa usiku Mungu amlipe 🙏🏾

14:20 Da Rehema: Tunawashukuru sana masista. Sasa Baba Mdogo, kwa Juma au unasemaje?

14:24 Baba Mdogo: Sista kaja kupima presha. Anasema simu hii inaipandisha. Baadaye.

16:40 Da Rehema: Basi namba 3 naiacha wazi mpaka kesho. Namba 1 bado. Kassim?

18:20 Juma: Kumbe ngazi anapanda.

18:21 Da Rehema: Juma.

21:47 Hamisi: Ndiyo nashika simu saa hizi. Mto ninao, ila mkubwa. Na nani kaleta tena habari za godoro?