Mfupa wa taya umebaki wazi baada ya kung'oa jino: pentoksifilini na vitamini E zinasaidia?

BintiWaKwanza: Habari zenu wakuu. Mama ana saratani ya matiti iliyofika kwenye mifupa, anachomwa denosumabu, sindano ya kulinda mifupa, kila mwezi. Aling'olewa gego la chini, shimo likagoma kufunga. Wiki nane zimepita. Ukimulika tochi unauona mfupa wa manjano katikati ya fizi, na harufu ipo. Daktari wa kinywa na taya kasema mfupa umekufa kwa sababu ya hiyo denosumabu, kampa antibiotiki na klorheksidini ya kusukutua. Jirani kanitajia pentoksifilini na vitamini E. Nimnunulie?

Mzee_wa_Koleo: Pole dada. Pentoksifilini hufanya chembe nyekundu za damu zinyumbuke zipite kwenye vimishipa vyembamba. Vitamini E hupambana na makovu. Hutolewa pamoja, kwa miezi. Lakini tafiti zake ni ndogo, kwa hiyo ni nyongeza tu. Kazi kubwa iko kwenye usafi. Asisukutue papo hapo baada ya mswaki, dawa ya meno inaiua nguvu klorheksidini. Asubiri nusu saa. Meno yatashika madoa ya kahawia, asiogope, yanasafishika. Halafu, anatumia dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda?

Taya_Moja: Mimi yalinikuta kwa alendronati, vidonge vya kuimarisha mifupa. Kilichonitesa ni ncha ya mfupa kukwaruza ulimi, kula shida, kuongea shida. Daktari aliisaga ikawa laini, nikapumua. Baadaye kipande kilijitenga chenyewe, akakitoa.

Kaka_Mjuaji: Muulizieni teriparatidi, inajenga mfupa.

Mzee_wa_Koleo: Kwa mama huyu hapana mkuu. Hiyo hawapewi wenye saratani kwenye mifupa.

BintiWaKwanza: Na denosumabu tuiache kwanza?

Mzee_wa_Koleo: Msiikatishe wenyewe. Ikiisha mwilini mifupa huliwa kwa kasi, hata pingili za mgongo zinaweza kuvunjika. Daktari wa saratani na wa taya waongee wao kwa wao. Hujanijibu lile swali la damu.

BintiWaKwanza: Nimeangalia mfuko wake wa dawa sasa hivi. Kuna warfarini.

Mzee_wa_Koleo: Basi usinunue kitu. Pentoksifilini na vitamini E zote zinaweza kumzidishia kutokwa damu. Mpigie daktari wake kwanza.