Vifaranga wa multi, niwatenge au niwaache?

mvuvi_wa_kioo (Mtwara): Habari wadau, nafuga multi, wale samaki wadogo jamii ya sikilidi wa Ziwa Tanganyika wanaoishi kwenye makombe ya konokono. Sasa naona vifaranga wanachungulia mdomoni mwa kombe, naogopa wakubwa wasije wakawameza, niwahamishe?

Lindi_akwa: Hongera sana kaka! Usihamishe kitu, multi wanaishi ukoo mzima pamoja na wakubwa ndo wanalinda eneo, ukianza kunyanyua makombe unawavuruga wote. Kazi yako ni chakula, wape artemia (vijidudu kama kamba wadogo sana) waliototolewa siku hiyohiyo, kidogokidogo mara kadhaa kwa siku, na mdomo wa filta uvalishe sponji wasije wakavutwa.

mama_samaki: Na maji yawe magumu, yaani yenye madini mengi, pH (kipimo cha uchachu) 8 hadi 9, joto nyuzi 24 hadi 27, badilisha kidogokidogo tu. Mchanga laini weka mwingi maana wanachimba balaa.

mvuvi_wa_kioo: Asanteni mno. Makombe ya hapa baharini yanafaa nikiongeza?

Lindi_akwa: Yanafaa, yale ya duara yenye mdomo mpana. Ila chemsha kwanza, na yenye mnyama ndani tafadhali yaache hukohuko.