Kikundi cha ukoo: Mama akitoka hospitali aende wapi?

Ijumaa

Abdalla (Minneapolis): Asalaam aleikum jamaa. Upasuaji wa nyonga ya mama umekwenda salama, alhamdulillah. Lakini hospitali wanataka atoke Jumatatu, na nyumbani hawamrudishi bado. Wamenipa orodha ya nyumba za wazee nichague moja, akafanyishwe mazoezi mpaka aweze kusimama.

Mama Mdogo Rukia (Mombasa): Waaleikum salaam mwanangu. Nyumba ya wazee? Dada yangu akalale kwa watu baki na nyie watoto mpo?

Mwinyi (Muscat): Hata mimi limenichoma. Ila nimechungulia ile tovuti ya Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, inayozipa nyumba hizi nyota 1 mpaka 5. Kuna moja ina nyota 5. Si tumpeleke hiyo yaishe?

Salma (Dallas): Mama, usimlaumu Kaka Abdalla. Mama Mkubwa sasa anahitaji nesi karibu naye na mtu wa mazoezi, na nyumba ya Kaka ni ngazi tupu. Akianguka tena itakuwa balaa. Mimi kazi yangu ni hii ya kuogesha na kugeuza wazee, kwa hivyo nisikilizeni. Mwinyi, nyota ni za kuanzia tu.

Mwinyi: Kwani si serikali ndiyo inayozitoa?

Salma: Ndiyo, tangu 2008. Zinatokana na mambo matatu: ukaguzi wa jimbo, idadi ya wahudumu, na takwimu za hali ya wazee, kama vile waliopata vidonda vya kulalia au walioanguka. Ukaguzi uamini zaidi, kwa sababu wakaguzi huja bila kubisha hodi. Ila unaweza kupita hata miezi 15 kabla hawajarudi. Idadi ya wahudumu inatoka kwenye malipo ya mishahara, hiyo nayo nzuri. Zile takwimu nyingi wanazijaza wenyewe wenye nyumba. Kaka, kwenye ukurasa wa kila nyumba tazama wahudumu wa wikendi, na wangapi huacha kazi kwa mwaka. Ukiona alama ya mkono ndani ya duara jekundu, pita mbali. Hapo wakaguzi wamekuta makosa ya kunyanyasa wazee.

Abdalla: Kesho asubuhi nina miadi na mbili.

Salma: Usiende asubuhi, wala usiende kwa miadi. Asubuhi ya siku ya kazi kila nyumba inang'aa. Nenda jioni wakati wa chakula, kesho Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Kuna usiku mimi napewa korido nzima peke yangu. Napenda wazee wangu, wallahi, lakini mikono ni miwili. Anayegeuzwa kila saa mbili anakaa tatu, nne, na ngozi haisubiri. Hesabu watu wa zamu, Kaka.

Mama Mdogo Rukia: Ya Rabbi. Na atazame nini tena?

Salma: Atazame glasi ya maji, Mama. Iko mkononi mwa mzee au imewekwa mbali asipofika? Kitufe cha kengele kiko upande anaoweza kunyoosha mkono? Midomo imekauka? Kucha zina uchafu? Sinia ya chakula ikiondolewa imejaa, je, kuna aliyekaa kumlisha? Harufu ya mkojo chumba kimoja si kitu, huenda mzee ndiyo kwanza amejikojolea. Korido nzima ikinuka, jua watu wanaachwa.

Jumamosi

Abdalla: Nimetoka ile ya nyota 5. Mapokezi yana maua na piano. Nikaingia ndani, taa ya kengele inawaka juu ya mlango mmoja. Nimesimama pale dakika 20 na ushei, mzee anaita, hakuna aliyeingia. Nikaenda kumwita nesi mwenyewe. Ubao wa wahudumu wa zamu umeandikwa tarehe ya Alhamisi.

Salma: Huo ubao sheria inataka ubadilishwe kila siku. Na ya pili?

Abdalla: Nyota 4. Jengo kuukuu, zulia limekwisha. Lakini nilimkuta dada mmoja kavuta kiti, anamlisha bibi mmoja uji kwa kijiko. Anangoja ameze, anamfuta kidevu, anamwita kwa jina lake, ndipo kijiko kingine. Hakujua namtazama. Nikamuuliza amefanya kazi pale muda gani, akaniambia miaka 9. Kengele mbili zililia nikiwepo na zote zilijibiwa papo hapo.

Mwinyi: Na ripoti ya ukaguzi?

Abdalla: Iko mezani pa mapokezi, sikumwomba mtu. Wana makosa: jikoni, na dawa kucheleweshwa.

Salma: Yana herufi gani? Kila kosa hupewa herufi ya uzito wake, A mpaka L.

Abdalla: D moja, E moja.

Salma: Hizo hazikumuumiza mtu. E ni kosa lililojirudia, uliza walilirekebisha vipi. Kuanzia G ndipo mtu ameumia, na J, K, L ni hatari ya papo hapo. Nyumba isiyo na kosa hata moja ni chache mno. Mimi ningempeleka Mama Mkubwa hiyo ya zulia bovu.

Mama Mdogo Rukia: Nami moyo umetulia kwa huyo wa kijiko. Lakini ataogeshwa na nani? Asije mwanamume. Nyama yake halali. Na dada yangu halali bila kanga kichwani, wamjue hivyo.

Salma: Yote yasemwe siku ya kwanza, Mama, yaandikwe. Ndani ya saa 48 lazima wawe na mpango wa mwanzo wa kumtunza. Kaka, siku hiyo hiyo nesi akague ngozi yake mbele yako, kiunoni na visigino, aandike alichokiona. Visigino viwekewe mto visiguse godoro. Mambo yakienda kombo na wakubwa wa nyumba wasisikie, kila jimbo lina mtetezi wa wazee hawa, anaitwa ombudsman. Namba yake lazima iwe imebandikwa ukutani.

Mwinyi: Malipo je?

Salma: Kwa kuwa alilazwa siku zisizopungua 3 mfululizo, Medicare inalipa siku 20 za kwanza zote. Kuanzia ya 21 hadi ya 100 mnachangia kila siku, tutagawana. Kaka, hakikisha tu hospitali walimwandika amelazwa, si kuangaliwa tu.

Abdalla: Nimeuliza, amelazwa.

Salma: Basi Jumatatu utapewa rundo la karatasi. Moja itasema mkigombana hamwendi mahakamani, mnakwenda kwa msuluhishi. Hawaruhusiwi kukulazimisha uisaini ndipo wampokee, iache. Na popote palipoandikwa wewe binafsi ndiwe mdhamini wa deni, usitie jina. Piga picha kila ukurasa unitumie kabla ya kusaini.