Sakafu ya mbao juu ya baraza ya simiti, Malindi: nianzie wapi?

mzaliwa_malindi
Assalaam aleikum waungwana. Nyuma ya nyumba ya mama hapa Malindi kuna baraza ya simiti, futi 12 kwa 16, aliyoimwaga marehemu baba. Kutoka kizingiti cha mlango wa jikoni hadi barazani ni inchi 9. Mama magoti yamemchoka, na hatua ile moja imemfungia ndani. Jioni kusi yavuma nje, yeye anaisikilizia dirishani. Nataka nimwinulie sakafu ya mbao, mfano wa sitaha ya jahazi, atoke na ndara zake bila kushikwa mkono.

Fundi niliyemwita asema tulaze mbao za nne kwa mbili juu ya simiti, tuzipigilie misumari, kisha tujaze mchanga katikati zisilie. Moyo umekataa. Masika haya niliinua ubao uliokuwa umelala pale tangu mwaka jana. Juu mzima kabisa. Chini umekuwa kama mkate uliorowa, na vijia vya udongo vya mchwa vimetokea kwenye ufa wa simiti. Baraza yenyewe ina mteremko wa inchi 2 kuelekea bustanini. Niusawazishe kwanza? Na mbao gani itadumu?

mama_watatu
Pole na mama. Kwanza niambie, chemba ya maji machafu iko wapi? Kwangu fundi aliifunika kwa mbao na hakuniambia. Maji yalirudi usiku na wageni ndani, tukang'oa mbao sita kwa mtaimbo. Hazikurudi sawa tena. Kama chemba iko chini ya hiyo baraza, hapo juu yake weka mfuniko wa kuinuka kwa mkono.

fundi_wa_wiyoni
Mwanangu, moyo wako umekwambia kweli. Mchanga ule ungeweka unyevu chini ya mbao mwaka mzima, na mchwa wangepanda wasionekane.

Mteremko usiuguse. Baba yako aliuweka maji yakimbie ukuta, na yataendelea kukimbia ukiyaachia njia. Utakachosawazisha ni vitako vya zege vya kubebea mihimili. Hesabu ni hii: inchi 9, toa 1 sakafu ikae chini ya kizingiti mvua isiingie jikoni, toa 1 ya ubao, toa 4 za mhimili uliosimama wima. Zimebaki 3. Basi kitako cha mlangoni ni inchi 3, cha bustanini ni 5, na vya katikati utavipata kwa uzi na pima maji. Mihimili ilale kutoka mlangoni kwenda bustanini, maji yanakoelekea, juu yake ikae sawa, inchi 16 kutoka mmoja hadi mwingine, na kila mmoja upate kitako kila baada ya futi 4. Juu ya kitako weka kipande cha mpira wa tyubu kuukuu, mbao isinywe maji ya zege.

Ukutani usifunge kitu. Kama nyumba ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, bolti hulegea na maji hufuata tundu. Iache sakafu isimame peke yake, nusu inchi kutoka ukutani.

Mbao: mbambakofi ndiyo bora, huku Lamu twaifanyia milango, lakini bei yake si ya kila mtu. Mfuko ukikataa, chukua msonobari uliotiwa dawa kiwandani, na kila ncha utakayokata uipake dawa upya, maana dawa ya kiwandani haifiki kiini. Boriti za mkoko waachie wenye dari. Ni za mviringo, na kuzikata kwataka kibali cha misitu.

Misumari usiitie kabisa, chumvi yetu hula hata ile ya mabati. Tumia skrubu za stenlesi 316, chuma kinachostahimili chumvi ya bahari, na utoboe kwa keekee kwanza. Kati ya ubao na ubao acha nafasi ya unene wa msumari wa inchi 4. Umetaja sitaha: jahazi twalikalafati maji yasipite, lakini sakafu ya nje yataka kinyume chake. Iache ivuje.

mzaliwa_malindi
Ahsante sana mzee wangu. Chemba nimeitazama, iko upande wa bafu, imesalimika. Ila ile inchi 1 chini ya kizingiti yanitia hofu. Mama hainui mguu, aburura. Si atajikwaa akirudi ndani?

fundi_wa_wiyoni
Umeona vyema, hilo nililipita. Chukua kipande cha ubao upana wa mlango, urefu wa futi moja, ukipige randa kishuke mshazari kutoka inchi moja hadi kumalizika. Kiweke pale mlangoni, ukishike kwa skrubu mbili tu, upate kukitoa na kufagia chini yake. Na upande wa mkono wake wa nguvu msimamishie nguzo ya kushika. Mwulize ni mkono gani kabla hujatoboa.