Naombeni ushauri: mdogo wangu anataka kusomea teknolojia ya tiba ya nyuklia, aanzie wapi?

Uyole_Juu

Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Mdogo wangu wa kike amemaliza kidato cha sita hapa Mbeya, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia), na anataka fani ya picha za kitabibu, hasa ile ya kumdunga mgonjwa dawa yenye mionzi kisha kumpiga picha. Nina maswali manne. Aingie moja kwa moja au aanzie radiografia ya kawaida? Hesabu zake ni ngumu kiasi gani, maana kwenye BAM, yale masomo ya hesabu za msingi, hakufanya vizuri sana? Kazi yenyewe ya kila siku ikoje? La mwisho ni la mama: anaogopa binti atashindwa kuzaa. Tafadhali mnaoijua fani, nijibuni kwa undani.

Kolimeta

Karibu, ndugu. Naanza na kazi yenyewe, maana wengi huichagua fani hii bila kujua siku inavyokwenda.

Kwenye eksirei, mionzi hutoka kwenye mashine na kupita mwilini. Kwenye tiba ya nyuklia mionzi inatoka ndani ya mgonjwa, na kamera ya gama inaipokea tu. Ndiyo maana nusu ya kazi iko maabara, kabla mgonjwa hajalala kitandani.

Asubuhi huanza na jenereta. Ndani yake kuna molibdenamu-99, yenye nusu-uhai (muda wa mionzi kupungua hadi nusu) ya saa 66, iliyong'ang'ania kwenye safu ya alumina, yaani unga wa oksidi ya alumini. Inapovunjika yenyewe inazaa teknisiamu-99m, yenye nusu-uhai ya saa 6 na mionzi ya gama ya keV 140 (keV ni kipimo cha nishati ya mionzi). Ukipitisha maji ya chumvi kwenye safu, teknisiamu inatoka nayo na molibdenamu inabaki. Baada ya saa 24 hivi teknisiamu imejaa tena, unavuna upya.

Kabla ya kumdunga mtu yeyote, mavuno yanapimwa. Kwanza, je, molibdenamu imevuja? Kichupa kinawekwa kwenye kopo nene la risasi linalozuia keV 140 lakini linapitisha gama ya molibdenamu ya keV 740 hivi, kisha kinasomwa kwenye kalibreta ya dozi, kifaa cha kupima wingi wa mionzi. Kikomo ni kBq 0.15 za molibdenamu kwa kila MBq 1 ya teknisiamu (kilobekereli na megabekereli, vipimo vya wingi wa mionzi), na kinahesabiwa kwa saa ya kudunga, si saa ya kuvuna. Hapa wanafunzi wengi hukosea: teknisiamu inapungua haraka kuliko molibdenamu, kwa hiyo uwiano uliopita saa 1 asubuhi unakaribia kuwa maradufu ifikapo saa 7 mchana. Pili, alumina: isizidi mikrogramu 10 kwa mililita, hupimwa kwa karatasi inayobadilika rangi.

Baada ya hapo ndipo dawa inachanganywa. Kwa picha ya mifupa ni MDP, dawa inayoibeba teknisiamu hadi kwenye mifupa. Kichupa chake kina bati, na bati ndilo linaloifanya teknisiamu ishikamane na MDP. Ukiingiza hewa kichupani, bati linaharibika na teknisiamu inabaki huru. Picha ikitoka utaona tumbo la chakula, tezi ya shingo na tezi za mate zinang'aa, mifupa imefifia. Mgonjwa amepata mionzi bure. Kipimo cha karatasi cha usafi wa dawa huchukua dakika chache tu, na kikionyesha chini ya asilimia 90, kichupa hicho hakiendi kwa mgonjwa. Asije akajifunza kukiruka kwa sababu ya foleni.

Mufindi_Baridi

Kolimeta kasema vizuri ya maabara. Naongeza ya kamera.

Moyo wa kamera ni fuwele ya iodidi ya sodiamu, mara nyingi unene wa milimita 9.5, na nyuma yake kuna mirija ya kukuza mwanga. Fuwele hiyo inachukia mabadiliko ya ghafla ya joto. Kwa hali ya hewa ya huku kwetu, usiku wa Juni na Julai ukimwacha mtu kwenye blanketi mbili, chumba cha kamera kinahitaji joto la kudumu saa 24 na umeme wa akiba. Ikipasuka hairekebishiki; inanunuliwa nyingine.

Kila asubuhi kuna kipimo cha usawa: chanzo bapa cha kobalti-57 kinawekwa mbele ya kamera na picha yake inapaswa kuwa sawa pande zote. Ukiona duara jeusi mahali pamoja, mrija mmoja umekufa au umelegea, na mgonjwa hapigwi picha mpaka parekebishwe. Ukiona picha nzima imechafuka kwa madoa ya duara, angalia kwanza kama dirisha la nishati, yaani kiwango cha nishati ambacho kamera inakubali, limekaa sawasawa: kwa teknisiamu ni keV 140 na upana wa asilimia 20.

Kolimeta, ile sahani ya risasi yenye matundu mbele ya kamera, lazima ilingane na isotopu, yaani aina ya kitu chenye mionzi unachotumia. Weka kolimeta ya nishati ndogo kwenye iodini-131 yenye keV 364, mionzi itapenya kuta za risasi na picha itatoa miale kama nyota.

Na huku Nyanda za Juu Kusini fani hii ina maana ya pekee. Rovu limekuwa tatizo la ukanda huu kwa vizazi, kwa sababu udongo wa milimani una madini joto (iodini) machache. Picha ya tezi ya shingo inaonyesha kama uvimbe unafanya kazi kupita kiasi au umelala. Dozi ya teknisiamu ni MBq 74 hadi 370, picha baada ya dakika 15 hadi 30. Kinachoharibu kipimo ni mgonjwa aliyepigwa CT (eksirei ya kompyuta) ya dawa ya kung'arisha picha wiki chache zilizopita, kwani dawa ile ina iodini na tezi inakuwa imeshiba. Swali hilo huulizwa siku ya kupanga miadi. Mtu amesafiri kutoka Makete au Ileje, halafu unamwambia arudi baada ya wiki sita? Ni kumwonea.

Njiapanda_Makambako

Nijibu la kwanza, maana ndilo litakaloamua maisha ya binti.

Ushauri wangu: aanze na radiografia, kisha abobee. Sababu ni ajira. Hapa nchini tiba ya nyuklia imejikita Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Mtu mwenye radiografia anaweza kufanya kazi hospitali ya rufaa ya kanda hapa Mbeya au ya mkoa Iringa siku yoyote, akiwa anasubiri nafasi ya kubobea. Mwenye tiba ya nyuklia peke yake hana kamera ya kugusa akiwa Tukuyu. Tena mashine za siku hizi nyingi zimeunganishwa na CT, kwa hiyo anayeijua CT ndiye anayetakiwa.

Shahada za picha na radiografia zipo MUHAS (chuo kikuu cha afya cha Muhimbili) na chuo cha Bugando. Asisome vigezo kwenye vipeperushi vya mawakala. Afungue mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa mwaka huo na atazame alama za fizikia, kemia na baiolojia.

Kolimeta

Njiapanda, kwa ajira nakubaliana nawe. Ila tusimfungie mlango wa nje. Afrika Kusini ipo shahada ya fani hii, mfano Cape Peninsula University of Technology. Akiwaza nje, aulize mambo haya kabla ya kulipa hata shilingi: je, TCU inaitambua shahada hiyo? Mwanafunzi anavuna jenereta kwa mikono yake mwenyewe, au anaangalia tu? Ana miezi mingapi hospitalini? CT imo? Chuo kikijibu kwa kuzungukazunguka, aachane nacho. Pia Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki hutoa mafunzo na ufadhili kwa walioko kazini, na kwa hapa nchini maombi hupitia Tume ya Nguvu za Atomu. Hilo ni la baadaye, akishakuwa na cheti na kazi.

Mama_Tukuyu

Mwambie mama mwenye hofu kwamba hofu yake si ya kijinga, ila ina majibu.

Kikomo cha mfanyakazi ni wastani wa milisivati 20 (kipimo cha mionzi ambayo mwili umepata) kwa mwaka, ukichukua miaka mitano, na mwaka wowote usizidi 50. Mikono ina kikomo chake, 500, kwa kuwa vidole ndivyo vinavyoshika sindano. Mfanyakazi huvaa beji kifuani na pete kidoleni, na zinasomwa mara kwa mara. Akiona hospitali haitoi beji, asiingie chumba cha moto, yaani maabara ya dawa zenye mionzi. Akipata ujauzito aseme mapema, kwa maandishi: kuanzia hapo mtoto aliye tumboni analindwa kama raia wa kawaida, milisivati 1 kwa muda uliobaki, na yeye anahamishiwa majukumu mengine. Kufanya kazi ndani ya viwango hivi hakumfanyi mtu kuwa tasa.

Kinga kubwa ni muda na umbali. Ukisimama mita 2 badala ya mita 1, mionzi inabaki robo. Kwa hiyo maelezo yote kwa mgonjwa, kuweka kanyula (kijibomba cha mshipani) na kwenda haja vimalizwe kabla ya kudunga. Bomba la sindano livalishwe kava la tungsteni. Aproni ya eksirei inasaidia kiasi kwa teknisiamu, lakini kwa florini-18 ya PET (aina nyingine ya picha za nyuklia), yenye keV 511, ni mzigo wa bure mgongoni.

Watu wa kusini tukisikia nyuklia tunawaza urani ya Mto Mkuju kule Namtumbo. Hii ni tofauti. Taka za teknisiamu zinafungiwa kwa nusu-uhai 10, yaani saa 60, zinapimwa, na zikilingana na mionzi ya kawaida ya mazingira zinatupwa kama taka nyingine za hospitali.

Fizikia_Iringa

Hesabu: ni kugawa, kuzidisha na kipeo. BAM ya wastani inatosha, lakini lazima ziwe za haraka na sahihi. Mpe hili.

Saa 1 asubuhi kichupa kina MBq 3,700 kwenye mililita 5. Mgonjwa wa mifupa anahitaji MBq 740 saa 4 asubuhi. Avute mililita ngapi?

Na ajue kwa nini ratiba ya wiki hupangwa hivi: molibdenamu hupungua kila siku hadi asilimia 78 ya jana. Mavuno ya Ijumaa ni kama asilimia 37 ya yale ya Jumatatu. Wagonjwa wa mifupa wanawekwa mwanzoni mwa wiki, wa tezi mwishoni kwa kuwa dozi yao ni ndogo. Jenereta ikitumia siku nzima barabarani kutoka Dar kuja Mbeya, zaidi ya kilomita 800, asilimia 22 imeishia njiani kabla haijafunguliwa.

Uyole_Juu

Asanteni sana, wakubwa. Mama amesomewa yote, ameuliza tu kuhusu kunyonyesha. Na mdogo wangu amekokotoa: 3,700 kwa 5 ni 740 kwa mililita, kwa hiyo avute mililita 1.

Mama_Tukuyu

Kuhusu kunyonyesha: mfanyakazi anaendelea kunyonyesha, ila asishike dawa zinazoweza kumwingia mwilini, hasa iodini. Kwa mgonjwa anayetibiwa kwa iodini-131 ni jambo jingine: kunyonyesha mtoto yule kunakoma kabisa, na kipimo cha mimba ni lazima kabla ya dozi.

Fizikia_Iringa

Mililita 1 ingekuwa sawa saa 1 asubuhi. Kufikia saa 4 zimepita saa 3, nusu ya nusu-uhai, kwa hiyo zidisha kwa 0.707. Zinabaki MBq 523 kwa mililita. Gawa 740 kwa 523: mililita 1.41. Angevuta mililita 1, mgonjwa angepata asilimia 71 ya dozi na picha yenye chengachenga.

Sasa basi la mgonjwa limechelewa, amefika saa 5 na nusu. Afanye tena.

Uyole_Juu

Anasema saa 4 na nusu zimepita, kipeo kinatoa 0.595, zinabaki MBq 440 kwa mililita. Mililita 1.68.

Fizikia_Iringa

Ndiyo. Mwambie aandike na saa pembeni ya jibu.