Matuta ya Shella: tumwandikie nani, na tuandike vipi hasa?

Mwana_Langoni:
Assalam alaykum wana Amu na jirani zetu wote. Naomba ushauri manake tumekaa barazani tangu juzi na hatusikizani. Hali ya matuta ya mchanga Shella, hapa kisiwani Lamu, mnaijua, yale ndio tegemeo la maji ya mji, visima viko pale, mvua ikinyesha mchanga unanyonya na yale maji matamu yanakaa juu ya ya chumvi, sasa vigingi vinazidi kuingia upande wa ndani na kila mtu ana karatasi yake ya kiwanja mkononi. Tumeunda kikundi, vijana na kina mama, tunataka waheshimiwa watuunge mkono matuta yaachwe. Shida ni kwamba mmoja anasema tumpelekee mbunge ndio mwenye pesa, mwengine anasema MCA, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, ndio wetu wa karibu, mwengine ati gavana moja kwa moja, na kuna kijana ameandika meseji ndefuuu herufi kubwa tupu anataka watu mia tano waiforwadi kwa namba zao wote usiku mmoja. Hio inafanya kazi kweli? Na barua inaandikwaje mpaka mtu aisome, si aifanye ya kuwekea kikombe cha chai?

kasikazi:
Barua za nini ndugu yangu. Hawa watu masikio yao hufunguka mara moja kila miaka mitano. Ngojeni 2027 muwaulize uso kwa uso.

Bi_Mtamuini:
2027 si kisima kishakuwa cha chumvi kaka. Wewe ngoja, sisi twaandika.

karani_mstaafu:
Wa alaykum salaam. Mimi nimekaa sana kwenye ofisi za waheshimiwa nikipokea barua, ofisi gani sitosema, lakini ntakwambia zinavosomwa. Ile ya meseji mia tano za maneno yale yale sahau kabisa. Mheshimiwa anaona simu inalia lia, anampa msaidizi wake, msaidizi anasoma moja, zilobaki anafuta, na huyo aloanzisha anapigwa bloku. Kwa hesabu ya ofisi hio ni barua moja tu tena ya kero. Watu kumi wakiandika kila mmoja kwa mkono wake, huyu aseme pampu yake inatoa maji ya namna gani, yule aseme kiwanja cha jirani yake kiko hatua ngapi kutoka kisimani, hizo zinawekwa kwenye faili manake hakuna anotaka kuulizwa baadae ilikwenda wapi.

La pili ndio kubwa zaidi, na hapa ndipo watu wengi wanapotea. Mnamuomba mtu kitu kisichokuwa kazi yake alafu akinyamaza mnasema katudharau. Mbunge mnamkimbilia kwa sababu ya CDF, ule mfuko wa maendeleo ya jimbo, sawa, lakini CDF haizuii mtu kujenga. Kibali cha ujenzi kinatoka kaunti, sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 imewapa wao, na MCA kazi yake kwa katiba ni kuisimamia hio serikali ya kaunti na kupitisha bajeti yake. Kwa hivo "vibali visimame mpaka mipaka ijulikane" ni ya bunge la kaunti. Hati za umiliki nazo ni mambo ya Nairobi, wizara ya ardhi na tume ya ardhi, hapo mbunge au seneta ndio anaweza kumbana waziri kwa maswali, MCA hata akitaka hana pa kumuuliza. Na maji ya chini ya ardhi yana mamlaka yake ya kitaifa, sheria ya maji ya 2016 inawaruhusu kutangaza eneo kuwa la kuhifadhi maji ya chini. Basi hapo mna maombi matatu na milango mitatu, na kila mlango upate barua yake. Mkiweka yote kwenye karatasi moja mkaandika "Kwa: MCA, Mbunge, Seneta, Gavana", kila mmoja atasema mwenzake atajibu.

Na msimsahau MCA wa Mkomani, wadi ya jirani, kwa kuwa matuta yako Shella. Watu wake wanakunywa maji yale yale, na bungeni kura mbili ni bora kuliko moja.

kasikazi:
Haya mzee nimekusikia. Lakini barua unaipeleka, unaambiwa "haijafika". Hapo je?

karani_mstaafu:
Hio ya "haijafika" dawa yake nakala mbili. Moja unaacha, ya pili wagonge muhuri na tarehe, unarudi nayo nyumbani unaiweka pamoja na hati za ndoa. Mkitaka nguvu zaidi msiandike barua, andikeni ombi rasmi kwa karani wa bunge la kaunti. Sheria ya serikali za kaunti ya 2012 kifungu cha 15 inampa mtu yeyote haki hio. Barua ni hiari ya mtu kuijibu, ombi rasmi lina njia yake ndani ya bunge. Kule bunge la taifa vile vile, katiba kifungu cha 119.

Mwana_Langoni:
Allah akujaze kheri mzee wangu. Nimeandika mwanzo wake hapa, hebu nitazamieni:

"Mheshimiwa, sisi wananchi wa Lamu tunaoteseka tangu enzi na enzi, baada ya kukupigia kura kwa wingi, tumesikitishwa sana kuona mafisadi wakishirikiana na maafisa wenu kunyakua matuta yetu matakatifu ya Shella ambayo mababu zetu walituachia, na tunataka hatua kali zichukuliwe haraka iwezekanavyo…"

karani_mstaafu:
Mwanangu umeanza na vita. Kwanza toa "mafisadi wakishirikiana na maafisa wenu", sheria ya maombi ya bunge la taifa inataka lugha ya heshima na ya kiasi, ombi la matusi linarudishwa bila kusomwa, na pia huyo ulomtaja anaweza kukupeleka kortini. Toa "kukupigia kura", anajua. "Hatua kali" ni nini? Yeye akisoma hapo hajui afanye nini Jumatatu asubuhi. Mimi ningeandika hivi:

"Mheshimiwa, tunaomba kamati ya ardhi ya bunge lako izuru matuta ya Shella, na vibali vipya vya ujenzi ndani ya matuta visitolewe hadi mipaka ipimwe na bikoni (alama za mipaka) ziwekwe. Visima vinavyohudumia mji wa Lamu viko ndani ya matuta hayo. Kila shimo la choo na kila pampu binafsi inayoongezeka pale inagusa maji ya watu wote."

Basi. Anotia muhuri anasoma hayo mafungu ya juu tu, ukurasa wa nne hafiki, kwa hivo ombi lako likae juu. Historia ya mababu iweke chini, atakaependa atasoma.

Bi_Mtamuini:
Hio ya choo na pampu ndio iachwe hivo hivo, watu wazima wanaielewa bila mtaalamu. Mimi naongeza kuhusu sahihi. Msipitishe karatasi tupu ya majina halafu baadae muibandike nyuma ya ombi, mtu ataruka aseme sikujua natia sahihi ya nini. Kila karatasi iandikwe juu ombi linahusu nini, na jina, namba ya kitambulisho, anuani na sahihi. Wazee wasioandika watie kidole gumba, kinakubalika. Na kina mama wasomewe kwa sauti kabla ya kutia, mimi nshaona mtu anatia kidole akidhani ni orodha ya unga wa msaada.

mto_wa_Hindi:
Naingilia kidogo. Watu huku husema ule mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliotaka kujengwa hapa Lamu tuliushinda kwa maandamano. Maandamano yalisaidia, lakini pale kwenye baraza la kitaifa la rufaa za mazingira (National Environment Tribunal) Juni 2019 leseni ya mtambo huo wa Kwasasi ilipofutwa, sababu moja kubwa ilikuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Na hilo lilibidi lithibitishwe, nani aliitwa, lini, akaelezwa nini. Kwa hivo hizo nakala zenye muhuri alizosema mzee zitunzwe hata mheshimiwa asipojibu, manake siku ya siku wakili atazitaka.

Pia kabla ya kuandika chochote ombeni ramani na orodha ya vibali vilotolewa. Sheria ya kupata habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Wakiwapa, ombi lenu lina ushahidi. Wakiwanyima, na hilo mnaliandika ndani ya ombi.

kasikazi:
Siku 21 ndani ya ofisi za huku 😂

karani_mstaafu:
Cheka lakini jambo la tarehe ni la kweli. Bikoni na upimaji zinataka pesa, na pesa ya kaunti ina msimu wake. Makadirio ya bajeti hupelekwa bungeni kabla ya Aprili 30 na mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1. Ukileta ombi la pesa mwezi wa sita watu wameshagawana, utaambiwa "mwakani" na hawatakuwa wamekosea. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hutoka Septemba 1, pale ndio pa kuliingiza jina la Shella mapema. La vibali halina msimu, hilo pelekeni hata kesho.

Mwana_Langoni:
Basi tumekubaliana, tunaanza na ya kuomba ramani, ya MCA wote wawili inafuata na hati tunamuachia mbunge. Yule kijana wa herufi kubwa tumempa kazi ya kuchapisha fomu, ameridhika. Nani yuko Shella kesho baada ya asri atupokee na karatasi za sahihi? Na kama kuna mwenye wino wa kidole gumba aseme, madukani huku sijauona.

Bi_Mtamuini:
Wino ninao, ulibaki wa chama. Njoo uuchukue kabla ya adhuhuri, mchana ntakuwa harusini.