Zermatt au St. Moritz: nimpeleke mama wapi akaione theluji?

BintiMoshi: Habarini ndugu zangu. Naishi Stuttgart, na Februari mama anakuja kutoka Moshi. Ana miaka 68, goti linamsumbua, na kubwa analotaka ni kuishika theluji kwa mikono yake. Mambo ya ski hayatuhusu. Nina siku tatu Uswisi, na pesa ya mji mmoja tu kati ya Zermatt na St. Moritz. Niende wapi?

Abiria_Bern: Zermatt, dada. Magari ya mafuta hayaingii. La kwenu mtaliacha kijiji cha Täsch, mmalizie kwa treni dakika 12 tu. Ukitoka stesheni, treni ya Gornergrat iko ng'ambo ya barabara. Inafanya kazi tangu 1898 na inafika mita 3,089. Mwambie mama ni juu kuliko kambi ya Mandara kule Kilimanjaro, na atafika akiwa amekaa kitini! Kule juu mnatazamana na mlima Matterhorn, mita 4,478, umesimama peke yake.

MamaWawili: Mpe mama shikamoo zangu. Ila hayo yote ni mawingu yakikubali. Mimi nilikata tiketi asubuhi bila kuangalia kamera za mlimani mtandaoni, tukafika juu ni weupe mtupu. Mwanangu hakuona hata ncha. Nauli ile inaniuma mpaka leo.

St. Moritz hutegemei kilele kimoja. Ziwa lenyewe huganda, na Februari farasi hushindanishwa juu ya barafu. Mji uko mteremkoni, lakini kwa goti la mama kuna ngazi za umeme kutoka kando ya ziwa mpaka karibu na hoteli ya Badrutt's Palace. Halafu kuna treni nyekundu ya Bernina: inapanda hadi mita 2,253, kisha inateremka kwa kujizungusha mpaka Tirano, Italia.

Abiria_Bern: Kwa mawingu sikubishii. Bei ni ghali kote kuwili. Zermatt lala Täsch, St. Moritz lala vijiji vya jirani, Samedan au Pontresina. Na nunua kadi ya nusu nauli kabla ya tiketi yoyote.

Muuguzi_Zürich: Mama ana presha? Mita 3,000 kwa ghafla si jambo dogo. Aongee na daktari wake kabla hajasafiri.

BintiMoshi: Anayo, anatumia dawa. Basi Gornergrat naiacha, daktari tutamwona hata kwa safari ya Bernina. Tunakwenda St. Moritz. Kwenye treni tukae upande gani?

MamaWawili: Kulia mkienda Tirano. Pandeni treni ya kawaida, haihitaji kulipia kiti na reli ni ileile. Shukeni Alp Grüm: theluji iko hapo hapo stesheni, mama atainama kidogo tu aichote. Treni nyingine huja baada ya saa moja hivi. Mchukulie glavu za sufu, na viatu vya soli yenye meno, barafu ya kando ya reli inateleza sana.